Folda inayokataa kufutwa: mkaidi au mlinzi?

Ibra na Sur katika eneo la Sharqiyah, na Nizwa huko Dakhiliyah, ni miji ya Oman yenye familia nyingi zinazozungumza Kiswahili. Wazee wao walirejea kutoka Zanzibar na Afrika Mashariki baada ya mapinduzi ya mwaka 1964, na hasa baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka mwaka 1970. Picha na barua walizokuja nazo hazina thamani ya kukadirika, na leo vijana huzihifadhi katika kompyuta.

Hapo ndipo huzuka tatizo linalowasumbua wengi. Picha zimenakiliwa mara mbili au tatu, nafasi imejaa, na mtu anapojaribu kufuta folda iliyozidi, kompyuta inakataa. Wapo wanaokimbilia kuilazimisha. Ni bora kwanza kuuliza: kwa nini imekataa?

Sababu ya kawaida ni kwamba folda hiyo inatumika. Programu ya picha, au ile ya kupambana na virusi, huenda imefungua faili moja iliyomo, na mfumo wa Windows hauruhusu kitu kilichoshikwa kufutwa. Dawa yake ni kufunga programu zote, kisha kuizima na kuiwasha kompyuta upya. Ikishindikana, kompyuta huweza kuwashwa katika hali ya usalama, ambapo programu chache tu hufanya kazi.

Sababu ya pili ni umiliki. Diski iliyotolewa katika kompyuta ya zamani huweza kubaki na kumbukumbu ya mmiliki wake wa awali. Mwenye akaunti ya msimamizi anaweza kujipa umiliki kupitia sehemu ya usalama katika sifa za folda.

Ya tatu ni urefu wa jina. Kwa miaka mingi Windows ilikubali njia isiyozidi herufi 260, yakijumlishwa majina ya folda zote zinazobebana. Tangu mwaka 2016 Windows 10 inaruhusu kikomo hicho kiondolewe, lakini si kila programu inayofuata. Anayepanga folda kwa ukoo, mji, mwaka na tukio hukifikia upesi. Kufupisha majina ya folda za nje hutosha.

Yapo pia majina yaliyotengwa tangu enzi za mfumo wa DOS, kama vile CON, AUX na NUL, na zipo hitilafu za diski yenyewe. Diski ikianza kuharibika, cha kwanza ni kunakili kilichomo mahali pengine. Kuikarabati kufuate baadaye.

Tahadhari kubwa ni hii: kinachofutwa kwa amri za kuandika, au kutoka katika flashi, kwa kawaida hakipitii pipa la taka. Hakirudi kwa kubonyeza kitufe. Kwa hiyo, kabla ya kuilazimisha folda, ifunguliwe, kilichomo kitazamwe, na ithibitishwe kwamba nakala nyingine ipo katika diski tofauti na inafunguka.

Nafasi katika diski hununuliwa dukani. Picha pekee ya bibi aliyopigwa Unguja haiuzwi popote.