Jembe au Mkuki? Hesabu ya Uzalishaji Wakati wa Vita

Huko mpakani mwa Kenya na Uganda, kati ya Busia na Tororo, swali la vita na uzalishaji si geni. Tangu kale wahunzi wa Samia waliyeyusha mawe ya chuma ya milima yao kwa makaa na mivukuto, wakafua majembe na mikuki. Majembe hayo yaliuzwa kandokando ya Ziwa Viktoria, na yalitolewa pia kuwa mahari. Chuma kilikuwa kile kile. Ilimpasa mhunzi kuamua afue nini kwanza.

Uamuzi huo ndio kiini cha mchezo wa kompyuta uitwao Civilization, uliotolewa mwaka 1991 na Sid Meier. Wasomaji wetu wengi wameusikia wimbo wa Kiswahili unaofungua toleo lake la nne la mwaka 2005, yaani "Baba Yetu", ulioundwa na Christopher Tin na kupata tuzo ya Grammy mwaka 2011. Mchezo wenyewe huchezwa kwa zamu, kama bao. Kila mchezaji hujenga miji, na nguvu ya kazi ya kila mji huhesabiwa kwa nyundo.

Na tuchukue mfano wa mji wenye nyundo 12 kwa kila zamu. Askari wa upanga hugharimu nyundo 40, wala hapatikani pasipo chuma. Karakana ya uhunzi hugharimu nyundo 120, nayo ikikamilika huongeza nguvu ya kazi ya mji kwa asilimia 25. Kwa hiyo, katika zamu 10 za kwanza, mchezaji aweza kupata askari 3, au karakana bila askari hata mmoja.

Adui akifika zamu ya 15, mwenye karakana atakuwa na askari 1 tu, ilhali mwenzake anao 4. Lakini adui akichelewa hadi zamu ya 100, mwenye karakana ataweza kuwa na askari 33, na mwenzake 30. Tena huyo mwenzake atakuwa ameitoa hazina yake muda wote huo kuwatunza askari wasio na kazi. Ni dhahiri basi kwamba mchezaji hodari hujiuliza kwanza vita vitafika lini, ndipo aamue cha kujenga.

Historia ya mpaka huo huo yatoa ushahidi. Tororo palijengwa kiwanda cha saruji na kiwanda cha mbolea ya fosfeti. Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia, na mali zao nyingi zikaangukia mikononi mwa watu wasio na ujuzi wa kuziendesha. Viwanda vya Uganda vilidhoofika, sukari na sabuni zikaadimika, na kahawa ikavushwa Busia kwa magendo. Wakati huo huo jeshi lilipewa vifaru na ndege kutoka ng'ambo. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi yake yaliivamia Kagera. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ilianguka. Silaha za kununua zilikuwapo, lakini nyuma yake hapakuwa na uchumi wa kuzitegemeza.

Hata hivyo, haifai kudhani kwamba mshindi hakulipa. Tanzania ililazimika kupeleka vitani malori na mafuta yaliyohitajika kusafirisha mazao, na uchumi wake ukaubeba mzigo huo kwa miaka mingi baada ya ushindi.

Vijana wanaocheza mchezo huu hawapotezi wakati wao bure, iwapo watajifunza hesabu hiyo. Lakini wakumbuke jambo moja. Katika kompyuta, aliyeshindwa huanza mchezo mpya. Nchi iliyoacha viwanda vyake vife haipewi zamu nyingine ya kuanzia mwanzo. Hujenga upya juu ya magofu, na wananchi wake ndio wanaolipa.