Ngazi Ikilia, Isikilize

Juma hili nataka tuzungumze juu ya ngazi. Wenzetu wanaokaa nyumba za chini kule Ngamiani pengine watacheka. Lakini sisi tunaoishi ghorofani, katika nyumba kuukuu za mjini Tanga zenye ngazi za mbao, tunajua kwamba ngazi nayo ina lugha yake.

Kwetu vipandio viwili vilikuwa vikilia. Cha nne kililia kwii, kikali. Cha saba kililia kwa sauti nzito, kama mtu anayeguna. Watoto walijizoeza kuviruka. Mama yangu, mtu mzima mwenye magoti mabovu, hakuweza kuruka; alipanda huku ameshika ukuta. Nikaita fundi, akapigilia misumari mirefu, akachukua ujira wake akaenda zake. Kelele ikakoma. Ilipofika Januari, kaskazi ikivuma, ikarudi kwa nguvu zaidi. Ndipo nilipojiuliza: hivi ubao hulia kwa nini?

Ubao ulio imara haulii wenyewe. Hulia unapocheza, ukisuguana na ubao mwingine au na msumari. Na kinachoulegeza kwetu hapa pwani ni majira. Wakati wa masika mbao hunywa unyevu wa hewa zikavimba. Wakati wa jua kali la kaskazi hukauka zikanywea. Hunywea kwa upana, si kwa urefu. Mwaka baada ya mwaka, tundu la msumari hupanuka, na msumari, kwa kuwa ni laini, hupanda na kushuka humo. Kwa hiyo msumari mpya ni dawa ya miezi michache tu. Na ngazi ikinyamaza wakati wa masika, msidhani imepona, imevimba tu.

Sasa, tutafanyaje? Mwambie mtu apande polepole, nawe ukae chini ya ngazi na tochi. Utaona ubao unaocheza. Ikiwa ni msuguano mtupu, chonga kabari nyembamba ya mbao ngumu, ipake gundi ya seremala, uisukume katika mwanya. Usiigonge kwa nguvu, maana utaupanua mwanya wenyewe. Kisha kaza kipandio kwa skrubu badala ya msumari, kwa sababu skrubu ina meno ya kushika. Mninga na mvule ni mbao ngumu, hivyo toboa kwanza kwa kekee, usije ukaupasua ubao. Kwa sisi tulio karibu na bahari, skrubu za shaba ni bora kuliko za chuma, ambazo chumvi huzila kwa kutu. Kazi hii ifanyeni wakati wa kiangazi, mianya ikiwa wazi. Asiye na uwezo kwa sasa, na apake nta ya mshumaa au poda katika kiungo. Itatuliza kwa muda. Mafuta msitie: hukusanya vumbi, na baadaye gundi haitashika.

Hivyo ndivyo nilivyokitibu kipandio cha nne. Nikaenda kwenye cha saba. Nikachoma bisibisi upande wa chini, karibu na ukuta. Wasikilizaji wangu, ilizama kama katika mkate! Mchwa walikuwa wamekula ndani, wakaacha ganda la juu likiwa na rangi yake nzuri. Ile misumari mirefu ilikuwa imeshika unga. Na hapo ndipo mama alipokuwa akikanyaga kila siku.

Ubao wa namna hiyo hautibiwi, unaondolewa. Tulizuia ngazi siku ile ile, tukatafuta njia za mchwa ukutani zikatiwa dawa, kisha tukaweka ubao mpya wa msaji, mti ambao mchwa hawaupendi, na ambao kwa bahati njema tunao jirani, katika shamba la miti la Longuza wilayani Muheza.

Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi naongeza kwamba kabla ya kuziba, chungulia ndani. Kelele ya ngazi ni taarifa, na fundi anayeinyamazisha bila kuuliza sababu amekuzibia masikio tu.

Basi usiku huu nyumba ikitulia, chukua tochi na bisibisi, ukaisikilize ngazi yako. Hadi juma lijalo, kwaherini.