UZI: Taa za gari mchana kweupe – tunabishania nini hasa?

1/ Kila kukitokea ajali mbaya huku kwetu Mlima Kenya, siku mbili hazipiti kabla ya mtu kusema redioni au kwa baraza: "Tupitishe sheria, kila gari liwashe taa hata mchana." Nusu ya watu wanapiga makofi. Nusu wanasema hiyo ni njia mpya ya kulisha karao. Leo tuchambue, bila kutaja jina la mtu wala chama.

2/ Kwanza picha. Karatina, Julai, saa mbili asubuhi. Ukungu umeshuka, manyunyu, lami na mbingu ni rangi moja. Nimesimama kando ya barabara na cucu mmoja mwenye mzigo wa karoti za soko. Anaangalia kulia, anaona kweupe. Anakanyaga lami.

3/ Nilimvuta kwa shuka lake. Probox ya rangi ya fedha ikapita mbele yetu, haina taa hata moja. Cucu akaniuliza, "Hiyo imetoka wapi?" Haikuwa inakimbia sana. Pengine dereva alikuwa ametuona kitambo. Sisi ndio hatukumwona yeye.

4/ Hoja yote iko hapo. Taa ya usiku ni ya kuona. Taa ya mchana ni ya KUONEKANA. Dereva akikwambia "mimi barabara naiona vizuri, taa ya nini?", bado hajajibu swali. Swali ni kama wengine wanamwona.

5/ Hesabu kidogo. Ukipita Marua kuelekea Nanyuki, barabara ni moja, wa kwenda na wa kurudi. Matatu inakwenda 80, gari dogo linakuja na 100. Kila sekunde yanakaribiana mita 50. Kuovateki lori kukichukua sekunde 8, unahitaji kuona mita 400 mbele. Viwanja vinne vya mpira!

6/ Gari la kijivu kwenye kivuli cha miti au kwenye mvua halionekani kwa urahisi umbali huo. Taa mbili zinaonekana mapema. Pia zinakusaidia kujua kama gari linatembea au limeegeshwa tu. Ndiyo faida yake. Si uchawi, ni sekunde chache za ziada za kuamua.

7/ "Lakini sisi tuna barabara pana siku hizi." Kweli. Kenol–Sagana–Marua, kilomita 84, ilianza kupanuliwa 2020, na magari ya kwenda na ya kurudi yametenganishwa. Kugongana uso kwa uso kunapungua. Lakini anayevuka kwa miguu sasa ana lami pana zaidi ya kuvuka. Na boda inayopita upande usio wake tunaijua sote.

8/ Nani anakufa? Takwimu za NTSA kwa miaka ya 2021 hadi 2024 zinaonyesha zaidi ya watu 4,000 kila mwaka. Kundi kubwa zaidi ni watembea kwa miguu, na watu wa pikipiki wako karibu sana nao. Mjadala wowote usioanza na hao wawili ni wa kupitisha wakati.

9/ Wengine walifanya nini? Finland ilianza 1972 kwa barabara za nje ya miji wakati wa baridi. Sweden ikalazimisha magari yote 1977. Canada ilidai magari mapya yaje na taa za mchana kuanzia Desemba 1989. Umoja wa Ulaya ukafuata Februari 2011 kwa magari madogo mapya, kisha malori na mabasi Agosti 2012.

10/ "Hizo ni nchi za giza, sisi tuko ikweta." Hoja nzuri, usiidharau. Jua la Karatina saa sita si la Sweden mwezi wa Desemba. Lakini Malaysia nayo iko karibu na ikweta. Mwaka 1992 ililazimisha pikipiki kuwasha taa mchana. Watafiti walipochunguza Seremban na Shah Alam, ajali za aina ya "sikumwona" zilikuwa zimepungua kwa kama asilimia 29.

11/ Upande wa pili nao usikike. Austria iliweka sheria ya taa mchana kwa magari yote Novemba 2005, halafu ikaifuta Januari 2008. Hofu moja ilikuwa hii: kila gari likiwaka, jicho la dereva linafuata taa na kumsahau asiye na taa. Yaani mtembea kwa miguu na mtu wa baiskeli. Yaani cucu wangu.

12/ Kwetu kuna shida nyingine ambayo Ulaya hawana: taa mchana zina maana zake tayari. Msururu wa magari yenye taa na utepe mwekundu ni matanga. Msururu wa magari makubwa yenye taa ni mkubwa anapita. Ukipepesewa taa, karao wako mbele. Jaribu kuendesha na taa hadi Sagana uhesabu wangapi watakupepesea uzime!

13/ Gharama. "Taa zinakula mafuta." Zinakula, lakini kiasi gani? Balbu mbili za kawaida za wati 55 pamoja na za nyuma zinakula kama desilita moja ya petroli kwa saa. Karatina hadi Nairobi, weka saa mbili na kitu, ni kama shilingi 40 petroli ikiwa 180. Mwenye matatu ya safari nne kwa siku ataisikia, tusimdanganye. Balbu pia zitaungua mapema. Zile za LED zinakula kidogo zaidi.

14/ "Zinamaliza betri." Hapana. Injini ikiwa inanguruma, umeme unatoka kwa alteneta. Betri inakwisha ukizima gari ukasahau taa, na hilo huwapata wengi.

15/ Tukisema taa, tunasema DIMU, si fulu. Wale wa spotilaiti za kupofusha watu usiku wasitumie uzi huu kama ruhusa. Na ukungu ukishuka usiwashe zile nne za kupepesa ukiwa mwendoni. Aliye nyuma yako hatajua kama umesimama, na hataona indiketa ukitaka kukata kona.

16/ Hii wenye magari mapya waisome mara mbili. Zile taa nyembamba za mchana zinazojiwasha zenyewe mara nyingi huwaka MBELE TU. Kwenye ukungu wa Kiganjo unadhani umewaka, kumbe mgongo wako ni giza. Washa dimu kamili. Na sisi wa mitumba ya Japani: huko kwao taa hizo ziliruhusiwa rasmi 2016 tu, kwa hivyo magari mengi ya kwetu hayana kabisa. Swichi ni mkono wako.

17/ Sasa ile hofu kubwa: hongo. Mnakumbuka kanuni za matatu za Februari 2004? Mikanda, vidhibiti mwendo vya kilomita 80, mstari wa manjano. Mwanzoni kila abiria alifunga mkanda. Leo kaa kiti cha nyuma utafute mkanda wako. Sheria haikufa kwa kuwa ilikuwa mbaya. Iligeuka kuwa kitu cha kujadiliana dirishani. Ya taa itakwenda njia hiyo hiyo ikianza na faini.

18/ Nani ana mamlaka? Hapa ndipo tunauziwa hewa wakati wa kampeni. Katiba, Jedwali la Nne: sheria za trafiki na barabara kuu ni za serikali ya kitaifa. Barabara za kaunti na TAA ZA BARABARANI ni za kaunti. Anayegombea kiti cha kaunti hawezi kukuahidi sheria ya dimu mchana kwa nchi nzima. Anaweza kukuahidi mlingoti wa taa pale mnapovukia kwenda sokoni. Mdai huo.

19/ Maoni yangu, mnaweza kuyapinga. Tuanze na boda, kwa kuwa ni nyembamba na ndizo hazionekani. India tangu Aprili 2017 inadai pikipiki mpya ziwe na taa inayowaka injini ikiwaka, na boda nyingi zetu zina asili ya huko. Kisha matatu na malori. Halafu kila gari wakati wa ukungu na mvua. Mwaka wa kwanza iwe onyo na mafunzo kwa sacco na vikundi vya boda, bila faini.

20/ Ila sikilizeni hapa. Sheria ya taa ni rahisi kwa mwanasiasa kwa sababu anayelipa ni dereva. Daraja la watembea kwa miguu linahitaji bajeti. Zebra iliyopakwa rangi, matuta, njia ya kando ya kutembea, zote zinahitaji bajeti. Mtu akikuletea taa ili usiulize daraja, amekupa shilingi 40 mahali pa mamilioni.

21/ Kwa hivyo mkiitwa kutoa maoni, nendeni na maswali matatu:
– Inaanza na nani, na kwa nini hao?
– Kosa la kwanza ni onyo au ni pesa, na zinalipwa wapi?
– Asiye na taa, anayetembea kwa miguu, amewekewa nini?
Asiyejibu la tatu bado hajafika barabarani.

22/ Cucu alifika sokoni, karoti zikauzwa. Siku hizi asubuhi ya ukungu nawasha dimu kabla sijatoka getini. Wakinipepesea nizime, nawapungia mkono tu. Sheria bado haipo, lakini swichi iko. Kesho ukipita Karatina na kuna ukungu, washa.

Tukutane kwa majibu. Matusi hapana, hoja karibu.