Je, Wajua? Kitochi Kimewafanyia Nini Wanyonge

Je, wajua kwamba M-Pesa haikubuniwa ili watu watumiane pesa? Majaribio ya 2005 nchini Kenya yalilenga marejesho ya mikopo midogo. Wateja wakaigeuza wenyewe: wakalipana, wakawatumia jamaa, wengine wakahifadhi humo mauzo ya siku wasilale nayo ndani. Wenye mradi wakawasikiliza, na Machi 2007 Safaricom ikaizindua kuwa njia ya kutuma pesa nyumbani.

Na matokeo yake? Mwaka 2016 watafiti Tavneet Suri na William Jack walikadiria kuwa huduma hiyo imezinasua kaya 194,000 za Kenya, yaani asilimia 2, kutoka katika umaskini uliokithiri. Zilizonufaika zaidi ni zile zinazoongozwa na wanawake.

M-Pesa haihitaji simu janja wala bando. Nyota, tarakimu kadhaa, reli, na kitochi kinafungua menyu. Mimi naona hapo ndipo penye ubunifu mkubwa kuliko programu nyingi zinazosifiwa leo.

Je, wajua kisa cha dagaa wa Kerala, India? Asubuhi ya Januari 14, 1997, pale Badagara, wavuvi 11 walikuwa karibu kumwaga samaki wao kwa kukosa mnunuzi. Ndani ya kilomita 15 tu, kwenye madiko mengine, wanunuzi 27 walikuwa wakijiandaa kuondoka mikono mitupu. Mwaka huohuo minara ya simu ikaanza kujengwa pwani, na mawimbi yake yakafika kilomita 20 hadi 25 baharini. Manahodha wakawa wanauliza bei wakiwa bado majini, kisha wanageuza mashua kuelekea diko lenye wateja. Mchumi Robert Jensen alipopiga hesabu, faida ya wavuvi ilikuwa imepanda kwa asilimia 8, bei kwa mlaji imeshuka kwa asilimia 4, na samaki hawatupwi tena. Mvuvi kapata, mlaji kapata!

Bangladesh nayo, mwaka huohuo wa 1997: wanawake wa vijijini walianza kukopeshwa simu na kuwauzia majirani dakika za maongezi.

Na si simu tu iliyowafaa wanyonge. Je, wajua kwamba Kibera, Nairobi, ilikuwa haionekani kwenye ramani za umma hadi vijana wake walipoanza kuichora wenyewe mwaka 2009? Vyoo, vituo vya maji, zahanati, vyote vikawekwa. Dar es Salaam, mradi wa Ramani Huria ulioanza 2015 uliwatoa wanafunzi wa vyuo na wakazi kwenda kuchora mitaro na vichochoro vya kata zinazofurika.

Na hili je? Tukirudi kwenye simu, Julai 2021 Tanzania iliweka tozo ya miamala ya pesa kwa simu, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000. Wananchi wakalalamika, na Septemba ikapunguzwa kwa asilimia 30. Walilalamika kwa haki: kwa wengi wao, simu ndiyo benki pekee waliyonayo.