Fahamu: Bajeti ya kuhamisha tovuti
Kwa taasisi za Dodoma, kuhamisha tovuti kutoka seva moja, yaani kompyuta inayoihifadhi na kuwafikishia wasomaji, kwenda nyingine hugharimu zaidi ya ada inayotangazwa. Bajeti sharti ibebe ada za watoa huduma wote wawili wakati wa mpito, malipo ya fundi, na nakala rudufu iliyokwisha kujaribiwa kurejeshwa, kwani isiyojaribiwa haiaminiki kabisa. Ada hizo mbili huhitajika kwa sababu, mitambo ya intaneti ikiwa imeagizwa kukumbuka anwani ya seva kwa sekunde 86,400, baadhi ya wasomaji wataendelea kupelekwa kwenye seva ya zamani hadi saa 24, hivyo muda huo hupunguzwa mapema, mathalani hadi sekunde 300. Masanduku ya barua pepe, ambayo husahaulika mno, huhamishwa kabla mkataba wa zamani haujavunjwa.