Mti wa Kenya Ndani ya Tangi la Kioo



Miongoni mwetu tuishio hapa Uingereza wamo wanaotuliza hamu ya bahari kwa kuweka sebuleni tangi la kioo lenye maji ya chumvi, samaki na matumbawe. Anayeanza kazi hiyo aghalabu huuziwa tumbawe laini ambalo wafanya biashara wameliita "mti wa Kenya". Ni la jamii ya kapnela, ambayo huishi katika Bahari ya Hindi na Pasifiki. Jina hilo lilitughuri nasi, tukanunua tawi lisilozidi urefu wa kidole.

Haukupita mwaka, kila jiwe likawa limeota miche. Tumbawe gumu ambalo mjukuu wetu alilinunua kwa akiba yake lilifunikwa kivuli, likaanza kuwa jeupe upande mmoja. Tulipoona hivyo tulishika mkasi, tukakata matawi humo humo majini. Hilo ndilo lililokuwa kosa letu kubwa.

Kwa hakika mti huu hauhitaji mbegu. Huangusha vitawi wenyewe, navyo huchukuliwa na mkondo wa pampu, vikanasa penye jiwe na kushika baada ya siku chache. Kila kipande tulichokiacha kielee kilikuwa mche mpya. Zaidi ya hayo, matumbawe laini hutoa majini kemikali zinazoyadhuru matumbawe magumu.

Tuliyojifunza ni haya. Kwanza, tumbawe la namna hii lipewe jiwe lake peke yake, lililozungukwa na mchanga mtupu, na vitawi vinavyoanguka viokotwe kila wiki kabla havijashika. Pili, anayetaka kulipunguza atoe jiwe nje, alikate kwa wembe tangu shinani, akwangue mabaki yote, kisha alisuuze jiwe katika ndoo ya maji yaliyotolewa tangini kabla ya kulirudisha. Tatu, baada ya kukata hapana budi kubadilisha sehemu ya maji na kuweka mkaa maalumu wa kuchujia, ili kemikali zipungue. Nne, samaki wasilishwe kupita kiasi, kwa maana maji yaliyojaa mabaki ya chakula huyastawisha matumbawe haya.

Hapa tunatoa onyo. Wako viumbe wengine wanaotapakaa vivyo hivyo, wenye umbo kama vifungo vya nguo, waitwao zoantidi. Baadhi yao wana sumu kali mno. Mwezi Machi 2018, katika kijiji cha Steventon, Oxfordshire, familia moja ilipelekwa hospitali pamoja na baadhi ya waokoaji, baada ya sumu hiyo kuenea nyumbani wakati tangi liliposafishwa. Kwa hiyo jiwe lisichemshwe kamwe, wala viumbe hao wasisuguliwe kwa brashi kavu. Avaliwe glavu na miwani ya kinga kila anayeshughulika nao, na watoto wakae mbali.

Mabaki nayo yasitupwe mtoni wala baharini. Mwaka 2014 wataalamu walitangaza kuwa tumbawe laini lenye asili ya Bahari ya Hindi na Pasifiki limevamia miamba ya Venezuela, na yadhaniwa kwamba lilifika huko kutokana na biashara ya matangi. Huko halikuokotwa mapema, na sasa limetanda juu ya matumbawe ya wenyeji. Mabaki yafungwe katika mfuko na kutiwa jalalani, au apewe mwenzio anayejua kuyatunza.

Mjukuu wetu sasa ndiye mwokotaji wa vitawi kila Jumamosi, na tumbawe lake linarudisha rangi taratibu. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi ukuta tumekwisha ujenga. Nyinyi zibeni ufa.