Nyanya: Matawi Mengi Siyo Matunda Mengi

Leo tuzungumze habari za kupogolea nyanya.

Mtu anayetoka Morogoro kwenda Iringa hupita Ilula. Kando ya barabara huona nyanya kwenye matenga na ndoo. Kwetu nyanya ndiyo daftari la mtoto, ndiyo bati la nyumba. Lakini ile miche michache ya bustani ya nyumbani mara nyingi huiacha tu. Inatoa majani tele, inalala chini, na matunda yake yanaoza.

Kwa nini? Mche ni kama sufuria moja ya ugali. Walaji wakizidi, kila mmoja hupata kidogo. Machipukizi hula chakula cha matunda. Tena majani yakisongamana, unyevu haukauki. Hapo ndipo ugonjwa wa bakajani hushika. Wakati wa mvua na baridi, bakajani huweza kumaliza bustani kwa siku chache.

Kwanza, ijue mbegu yako

Aina ndefu, kama Money Maker, huendelea kurefuka. Hizo ndizo za kupogolea. Aina fupi, kama Roma na Cal J, huacha kurefuka zenyewe, na huzaa sana kwenye matawi ya pembeni. Ukizikata matawi hayo unajinyima mwenyewe. Ondoa tu majani yanayogusa udongo. Basi, soma pakiti kabla ya kununua. Kama imeandikwa kwa Kiingereza, muulize bwana shamba au bibi shamba.

Jinsi ya kupogolea

1. Mche ukiwa bado mdogo, simika mti wa mita 1.5 hadi 2 karibu nao. Funga kwa kamba ya katani au kitambaa, bila kukaza.

2. Nawa mikono kwa sabuni, hasa kama unavuta au kunusa tumbaku. Tumbaku huweza kuambukiza nyanya ugonjwa.

3. Chagua siku kavu, umande ukishakauka. Kidonda cha mche nacho kitakauka upesi.

4. Tazama kwenye kwapa, yaani pale jani linapoungana na shina. Chipukizi la hapo livunje kwa vidole lingali dogo. Angalia usivunje kishada cha maua. Chenyewe hutoka kwenye shina, siyo kwapani. Acha shina moja au mawili. Rudia kila wiki.

5. Ondoa majani ya chini yanayogusa udongo. Lakini usiyamalize majani! Jani ndilo jiko la mche, na tunda lisilo na kivuli huunguzwa na jua.

6. Mabaki yenye ugonjwa usiyaache bustanini. Yachome au yafukie. Fanya hivyo pia kwa majani yenye kantangaze, mdudu aliyeonekana nchini mara ya kwanza mwaka 2014.

Kupogolea siyo dawa ya bakajani. Lakini hupitisha hewa, na ukipiga dawa inafika ndani.

Kama bado una mashaka, jaribu. Chukua miche 10 ya mbegu moja ndefu. Pogolea 5, nyingine 5 ziache. Kila ukichuma, andika kwenye daftari umepata nyanya ngapi nzima na ngapi zilizooza. Daftari lako litakujibu.

Maswali ya kujadiliana

1. Bustani yako ina nyanya ndefu au fupi? Umejuaje?
2. Kwa nini tusipogolee wakati wa mvua?
3. Mabaki ya nyanya kijijini kwenu hutupwa wapi?